Njano Si Uchafu

Wapenzi wa lugha, juzi niliwauliza majirani zangu hapa Ng'ambo, mjini Tabora, swali linaloonekana jepesi. Plastiki iliyokuwa nyeupe, ikakaa miaka mingi mpaka ikageuka njano, tuseme imefanya nini? Fundi redio alijibu upesi kuwa imeungua na jua. Dada wa saluni akasema imechujuka. Mzee mwenzangu tunayekaa naye barazani jioni akasema imepauka. Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30 tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na bado sikupata jibu lililonitosha.

Kuungua ni kazi ya moto, na hapa hapakuwa na moto. Kuchujuka ni kutokwa na rangi, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Lakini plastiki hii haikutokwa na rangi, imeingiwa na rangi. Kupauka ni kukosa mafuta na kushikwa na weupe wa vumbi, kama miguu ya watoto wakati wa kipupwe. Hapa weupe ndio uliokimbia. Kufubaa kunakaribia, kwa kuwa ni kupotewa na mng'aro, ila hakuitaji njano yenyewe. Neno hilo nililihitaji kwa sababu ya kinanda kimoja cha kuchezea, na kisa chake ndicho ninachotaka kuwasimulia leo.

Kinanda hicho kililetwa na shemeji yangu mwaka 1988. Alikuwa baharia, na safari hiyo alishuka Dar es Salaam, akapanda garimoshi la Reli ya Kati, akateremka stesheni ya Tabora akiwa na sanduku begani na boksi mkononi. Ndani ya boksi mlikuwa na kinanda cha betri, kirefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, cheupe kama maziwa. Binti yetu alikuwa na umri wa miaka minne. Marehemu mke wangu, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza, alicheka akasema, "Kimetoka ng'ambo kimekuja Ng'ambo, basi kimefika kwao." Enzi zile kitu kama hicho hakikuonekana madukani kwetu. Watoto wa mtaa mzima walipanga foleni kukigusa, na wao walikuwa mafundi wa kutengeneza magari ya mabua na ya makopo ya maziwa.

Mke wangu hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae bila kufundisha. Alikata vipande vitano vidogo vya karatasi ya daftari, akaandika irabu zetu tano kwa kalamu ya wino, akavibandika kwa plasta angavu juu ya vibonyezo vitano vya kwanza vyeupe kutoka kushoto: a, e, i, o, u. Binti yetu akibonyeza, anaimba irabu. Hivyo ndivyo alivyojua kusoma kabla hajavaa sare ya shule. Baadaye walikuja wa majirani, na watoto wa wale watoto.

Kinanda kilikaa juu ya kabati la mninga, karibu na dirisha la magharibi, kwa zaidi ya miaka 20. Jua la alasiri lilikipiga kila siku. Vipande vya karatasi vilianza kubanduka kimoja kimoja baada ya plasta kukauka. Mwaka 2011 mke wangu alipofariki, nilikusanya vitu vyake katika sanduku la bati, na kinanda nikakiweka humo bila kukitazama. Sikufungua sanduku lile tena.

Mwaka huu binti yangu alinipigia simu kutoka Mwanza. Alisema atakuja likizo ya Juni pamoja na mwanawe, ambaye ameanza darasa la kwanza. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, "Baba, kile kinanda bado kipo?" Nikamjibu kipo. Nilipokitoa sandukuni nikaona aibu. Kilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Nikaapa moyoni kuwa mjukuu wangu hatakikuta hivyo. Atakikuta kama mama yake alivyokikuta mwaka 1988.

Rafiki yangu mstaafu, aliyekuwa akifundisha kemia, ndiye aliyenieleza ugonjwa na dawa. Vitu vingi vya kuchezea na vya umeme vya miaka ile vilitengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo ABS, mchanganyiko wa akrilonitrili, butadieni na stireni. Hata matofali ya kuchezea ya LEGO yametengenezwa kwa plastiki hiyo tangu mwaka 1963. Butadieni ndiyo inayoipa plastiki uwezo wa kuanguka bila kuvunjika, na hiyo hiyo ndiyo dhaifu mbele ya jua. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huivunjavunja, oksijeni ya hewani ikashikana nayo, na huko ndiko njano inakotoka. Kwa hiyo njano ile haikuwa juu ya plastiki. Ilikuwa ndani ya ngozi yake. Niliielewa vizuri hoja hiyo baada ya kusugua kwa sabuni na mswaki kwa saa nzima: maji yalitoka meusi kwa vumbi, kinanda kikabaki njano vilevile.

Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi pamoja na jua. Mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta za kale huko Ulaya na Marekani walianza kuenezeana maarifa haya, na sasa wanaokarabati vitu vya kale vya watoto wanayatumia duniani kote. Jambo la kustaajabisha ni kwamba jua lililoleta njano ndilo linalotumika kuiondoa, likisaidiwa na dawa. Nilikwenda saluni kununua krimu ya kupaushia nywele, ile ya nguvu ya volumu 40, yaani yenye asilimia 12 ya peroksaidi. Dada wa saluni aliniamkia, kisha akashindwa kujizuia. "Mwalimu, mvi zako zinatosha. Unataka weupe gani tena?"

Nitaeleza utaratibu, maana wapo wasomaji watakaotaka kujaribu. Kwanza fungua skrubu zote kwa bisibisi na kutoa kila kilicho cha umeme au cha chuma. Kwangu kazi hiyo aliifanya fundi redio, ambaye pia alibadilisha springi za betri zilizoliwa na kutu. Pili osha na kukausha. Tatu vaa glovu na miwani ya kukinga macho, kwa kuwa krimu ile huunguza ngozi, na fanya kazi mahali penye hewa. Nne paka kwa brashi, tabaka lililo sawa kila mahali, kisha funika kwa nailoni angavu ili krimu isikauke. Ikikauka sehemu moja na kubaki mbichi sehemu nyingine, utapata madoa na michirizi isiyotoka. Tano anika juani kwa saa kadhaa, ukigeuza na kupaka tena, lakini usiache plastiki ipate joto kali, itapinda. Mwisho suuza kwa maji mengi. Tabora ipo kwenye uwanda wa juu wa mita zipatazo 1,200, na wakati wa kiangazi mbingu yetu haina wingu, jua hatununui.

Asubuhi ya siku ya kazi nilianza na kasha. Hadi adhuhuri lilikuwa limegeuka, na nilifurahi kama mtoto. Alasiri nikashika vibonyezo, ambavyo vimeungana kama meno ya chanuo. Nilipaka krimu kibonyezo cha kwanza kutoka kushoto, nikakifunika, nikakiacha juani nione kinavyokwenda kabla ya kupaka vingine. Kilitoka cheupe kabisa. Nikachovya brashi kwa ajili ya cha pili.

Miwani ya kukinga macho, msomaji mpendwa, si miwani ya kusomea. Nilikuwa nimevua ya kusomea ili nivae ile. Jasho likaniingia machoni, nikainua miwani kujifuta, nikavaa ya kusomea kwa dakika moja, na hapo ndipo nilipoona. Juu ya kibonyezo cha pili, katikati ya njano, palikuwa na pande nne ndogo nyeupe, si sawa sawa, upande mmoja umekwenda mshazari kidogo. Cha tatu hivyo hivyo. Cha nne. Cha tano. Ni mahali pale karatasi za mke wangu zilipokaa miaka yote. Jua lilipita kila mahali ila chini ya vipande vile. Ule mshazari ulikuwa wa mkasi wake; alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na mikasi yote ya nyumba yetu ilikuwa ya mkono wa kulia.

Nikakitazama kibonyezo cha kwanza. Kilikuwa cheupe kote. Pande la "a" lilikuwa limezama katika weupe wa pembeni yake, kama tone la maziwa katika kikombe cha maziwa. Nilikuwa nimelifuta kwa mkono wangu, kwa gharama yangu, na kwa bidii.

Niliweka brashi chini nikaenda kukaa chini ya mwembe. Kuna jambo lilinijia pale ambalo nililikuta kitabuni zamani na sikulitilia maanani. Nilifundisha biashara ya misafara miaka mingi. Niliandika ubaoni kwamba Tabora, ambayo wageni waliiita Kazeh, ilikuwa kituo kikuu kati ya pwani na maziwa. Kwamba Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857. Kwamba Livingstone na Stanley walikaa katika tembe la Kwihara mwaka 1872, tembe ambalo wanafunzi wangu walikwenda kulitazama kwa miguu. Niliandika kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani, mzigo wa frasila 2, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, hadi Bagamoyo, safari ya kilomita zipatazo 800. Kisha nikaandika "Unguja", nikachora mshale unaoelekea baharini, nikafuta ubao. Mshale ule ulikwenda wapi, sikuwaambia, wala hawakuniuliza.

Sehemu kubwa ya pembe za Afrika Mashariki ilikwenda Marekani, katika jimbo la Connecticut, kwenye vijiji viwili vya Deep River na Ivoryton. Jina la kijiji hicho cha pili lenyewe limetokana na pembe. Viwanda vya huko vilipasua pembe kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonyezo vya piano. Lakini pembe ina tabia yake: ikikaa gizani huingia njano. Wanunuzi walitaka weupe. Basi viwanda vilijenga nyumba ndefu za vioo, vikaloweka vipande vile katika haidrojeni peroksaidi, vikavipanga nyuma ya vioo vipigwe na jua kwa wiki kadhaa, mpaka vyote viwe na weupe mmoja.

Dawa ile ile. Jua lile lile. Nilikuwa nimekaa uani kwangu Ng'ambo, katika mji ambao pembe zilipitia, nikifanya kwa plastiki kile kilichofanywa kwa pembe baada ya kuuacha mji huu. Hata ukoo wao ni mmoja. Plastiki za mwanzo zilitafutwa ili zichukue nafasi ya pembe; John Wesley Hyatt wa Marekani, aliyepewa hati ya selulodi mwaka 1870, alianza kwa kutafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe. Kwa lugha yetu, alitafuta pembe bandia. Na neno "bandia", tunalolitumia leo kwa fedha za uongo na vyeti vya kughushi, kamusi za zamani hulieleza kuwa ni mwanasesere, mtoto wa kuchezea wa matambara. Bandia ilikuwa ya mtoto kabla haijawa ya mwizi.

Sisemi kwamba msiba wangu wa kibonyezo kimoja unalingana na ule wa wapagazi na wa ndovu. Nasema tu kwamba nilielewa kazi ya weupe. Bibi wa New York aliyekaa mbele ya piano yake hakuona doa la jasho, wala alama ya kamba, wala ufa wa jua la Ugogo. Nyumba ya vioo ilikuwa imeviondoa. Aliona kitu kisichotoka popote. Nami, kwa mapenzi kabisa, nilitaka mjukuu wangu apewe kinanda kisichotoka popote, kana kwamba kimefunguliwa dukani asubuhi ile. Hata hilo nisingelipata. Rafiki yangu wa kemia alikuwa amenionya kwamba dawa hubadili rangi tu. Plastiki iliyolegea haipati nguvu yake tena, na njano inaweza kurudi baada ya muda. Kinanda changu cheupe kingekuwa kizee kilichopakwa rangi.

Jioni nilimpigia binti yangu. Ningeweza kunyamaza, asingejua. Lakini nilikuwa nimewachapa watoto wa watu kwa kuficha makosa madogo kuliko hilo. Nikamweleza. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Hizo nne, Baba, usiziguse." Akanyamaza tena. "Nilikuwa nimesahau kwamba mama aliandika na kushoto."

Kesho yake nilikata vipande vinne vya karatasi nyeusi, nikavibandika juu ya vibonyezo vinne, kutoka ncha hadi ncha, nikapaka krimu vilivyobaki na kuvianika. Nilikuwa nakinga njano isipigwe na jua, kama vile yeye, bila kujua, alivyoukinga weupe. Nilipomaliza, kinanda kilikuwa cheupe, ila vibonyezo vinne vya manjano vilisimama upande wa kushoto, kila kimoja na pande lake jeupe katikati. Mtu asiyejua angedhani dawa iliniishia. Usiku ule niliandika ubeti huu:

Kinanda kilichochoka, nimekitia juani,
Rangi imebadilika, kimerudi ujanani,
Vinne nimevifunika, sikuvitia dawani,
Mkono ulobandika, hauoshwi kwa sabuni.

Walifika Juni. Binti yangu alikichukua kinanda, akapitisha kidole juu ya yale mapande manne, akatoka nje kidogo. Mjukuu hakuwa na haja ya kutoka nje. Alikiweka mapajani, akataka kujua ni nani alichora vile viboksi. Nikamwambia ni bibi yake, na kwamba kila kiboksi kilikuwa na herufi, hiki e, hiki i, hiki o, hiki u. Akahesabu. Ameanza shule majuzi tu, lakini irabu anazijua.

"Na a?"

Nikamwambia a ilikuwepo, Babu akaifuta kwa bahati mbaya.

Alifikiri. Kisha akaweka kidole juu ya kibonyezo cha kwanza, kile cheupe kisicho na alama, akabonyeza, akaimba "a" bila wasiwasi wowote, akaendelea, e, i, o, u. Kwake mahali pa a palijulikana, kwa kuwa e ilikuwa inaanza pembeni yake. Alirudia mara nyingi mpaka mama yake akarudi ndani na kukaa karibu naye.

Baadaye, tulipokuwa tukila, nilimuuliza swali nililowauliza majirani. Vile vibonyezo vinne vimefanya nini, mbona havifanani na vingine? Alitazama dirishani, kwenye mwembe wetu.

"Vimeiva, Babu. Hivi vingine vibichi."

Nimelipokea jibu hilo, na kwa sasa ndilo ninalolitumia nyumbani kwangu. Hata hivyo najua Kiswahili ni kipana kuliko Ng'ambo ya Tabora. Ikiwa kwenu, pwani au bara, kuna kitenzi kinachosema kitu cheupe kuingiwa na njano kwa kukaa muda mrefu, niandikieni. Na kama mna kitu cha namna hiyo kabatini, kabla hamjanunua krimu, vaeni kwanza miwani ya kusomea.